Mwenye Nguvu Mpishe: Historia ya Dhamana ya Barabara

Kabla haijaandikwa sheria wala hajaajiriwa askari wa kuisimamia, njia ilikuwa na adabu zake, na adabu hizo zilijulikana kwa kila mtu aliyelelewa akaleleka. Katika vichochoro vya Lamu, vya Mombasa na vya Mji Mkongwe wa Unguja, ambamo mtu akinyosha mikono huweza kugusa kuta za nyumba mbili kwa pamoja, mwendesha punda aliyepakia mawe ya kujengea, au hamali aliyesukuma mkokoteni wa magunia, hakupita kimya, alinadi "Simile! Simile!", tena alinadi mapema, kabla hajafika penye kona, ili mzee apate kuvuta mkongojo wake, mama amshike mwanawe mkono, na waliokaa barazani wakunje miguu. Aliyesikia alipisha bila ya kinyongo, maana mzigo mzito haugeuzwi wala hausimamishwi upesi; walakini aliyepisha alikuwa na haki ya kuonywa kwanza, na hamali aliyemgonga mtu pasipo kunadi hakupata wa kumtetea.

Wahenga waliifupisha ada hiyo kwa maneno matatu, mwenye nguvu mpishe, na katika kufupisha huko ilibaki nusu moja tu ya mapatano: wajibu wa mnyonge wa kuondoka njiani ulihifadhiwa katika methali, lakini deni la mwenye nguvu, la kuonya na kupunguza mwendo, liliachiwa muruwa wake mwenyewe. Jambo hilo halikuleta madhara makubwa maadamu mwenye nguvu alikuwa punda. Lilileta maafa alipokuwa motokaa. Nami nakusudia kusimulia jinsi deni hilo lilivyogawanywa baina ya mpanda baiskeli na dereva, jinsi lilivyotupwa kutoka bega moja hadi jingine, na jinsi taifa moja lilivyolirudisha mahali pake. Historia hii haiwezi kuanzia kwetu, kwa kuwa sheria zilizotawala barabara za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilitungwa kwa mfano wa sheria za Uingereza, kuanzia kushika upande wa kushoto hadi kengele ya usukani, na yaliyoamuliwa na Bunge la London juu ya nani aone na nani aonekane yalikuja kutuhusu sisi tusiokuwa na sauti katika Bunge hilo.

Mtu wa leo, amwonapo mpanda baiskeli akiambaa ukingoni mwa lami huku malori yakimpita kwa upepo wa kumyumbisha, hasadiki kwa wepesi kwamba chombo hicho kilipozuka kilihesabiwa kuwa ndicho hatari ya njia. Katika miaka ya 1870 baiskeli ya Kiingereza ilikuwa na gurudumu la mbele ambalo kipenyo chake kiliweza kufika futi tano, mpandaji akikaa juu kabisa bila ya breki ya kutumainiwa, na walioipanda walikuwa aghalabu vijana wenye nafasi waliopenda mbio kuliko salama. Farasi walishtuka, waenda kwa miguu walilalamika, na mabaraza ya miji yakatunga kila moja kanuni yake. Mnamo mwaka 1879 mtu mmoja aliyeteremka kwa kasi katika kilima cha Muswell Hill, kaskazini mwa London, akamwangusha mwenda kwa miguu, alijitetea mahakamani kwamba sheria ya njia ya mwaka 1835 ilikataza kuendesha gari kwa fujo, naye hakuendesha gari bali baiskeli. Mahakimu hawakuipokea hoja hiyo. Walihukumu kwamba, kwa makusudi ya sheria ile, baiskeli nayo ni gari, na kwa hukumu hiyo mpanda baiskeli akaingia katika jamaa ya watu wenye kuulizwa juu ya mwendo wao.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli yenye magurudumu yaliyokaribiana ukubwa, na mnyororo wa kulizungusha lile la nyuma, ambayo ndiyo mama wa baiskeli zote tuzijuazo. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, huko Belfast, akapata hati ya tairi la upepo. Mwaka huohuo Bunge lilizifuta kanuni za miji zilizokuwa zikipingana, likatia mahali pake kifungu kimoja cha nchi nzima: mpanda baiskeli awashe taa tangu saa moja baada ya jua kuchwa hadi saa moja kabla ya jua kuchomoza, na kila anapotaka kumpita mtu, farasi au gari, apige kengele au filimbi kiasi cha kusikika. Insafu ya kifungu hicho yastahili kutazamwa kwa makini. Mwenda kwa miguu, aliye dhaifu kuliko wote, hakuamrishwa kubeba taa wala kengele. Mwenye kasi ndiye aliyeamrishwa kuonekana na kusikika. Ilikuwa ada ya simile iliyotiwa muhuri wa Bunge, ijapokuwa walioitunga hawakuwa wamepata kuisikia.

Fauka ya hayo, wapanda baiskeli walikuwa miongoni mwa walioifufua barabara yenyewe. Tangu reli ilipoenea, magari ya farasi ya safari ndefu yalikufa, na njia kuu za Uingereza zikaachwa kwa mashimo na matope. Cyclists' Touring Club, chama kilichoasisiwa mwaka 1878, kiliungana na wenzake mnamo 1886 kuanzisha jumuiya ya kutengeneza barabara, ambayo ilichapisha vijitabu vya mafunzo ya kuvunja mawe, kuyapanga na kuyachujia maji, ikawaandama wenye dhamana ya njia hadi wakaona haya. Motokaa zilipofika zilikuta njia imekwisha tandikwa, na waliozipanda hawakukawia kumsahau aliyeitandika.

Sheria ya magari yanayojiendesha ya mwaka 1865 ilikusudiwa kwa mitambo mizito ya mvuke, nayo ilikuwa kali: maili nne kwa saa mashambani, maili mbili mjini, na mtu atangulie kwa miguu yadi 60 mbele, ameshika bendera nyekundu. Watu wa baadaye wameicheka sana bendera hiyo, na kwa kweli ilikuwa na ya kuchekesha. Lakini ndani yake ilikuwamo kanuni ileile, kwamba aletaye hatari ndiye agharimiaye onyo. Sharti la bendera lililegezwa mwaka 1878, na Novemba 1896 sheria mpya ikazifungulia motokaa nyepesi njia zote, kwa mwendo usiozidi maili 14, ambao kanuni za serikali zilipunguza hadi 12. Hata kabla ya hapo dalili zilikuwa zimekwisha jitokeza. Tarehe 30 Mei mwaka huohuo, mjini New York, motokaa ilimgonga mwanamke mpanda baiskeli ikamvunja mguu, na dereva akalala mahabusu. Tarehe 17 Agosti, katika viwanja vya Crystal Palace mjini London, Bridget Driscoll, mama wa miaka 44 aliyekuwa akitembea na binti yake, aligongwa na motokaa iliyokuwa ikionyeshwa kwa watazamaji, akafa. Wazee wa baraza waliamua kuwa ni ajali, na afisa aliyesimamia uchunguzi wa kifo hicho akatumaini kwamba jambo kama lile halitatokea tena.

Mwaka 1903 mwendo uliruhusiwa kufika maili 20, kila motokaa ikapewa nambari, na kila dereva akatakiwa awe na leseni, ambayo aliipata kwa kulipa shilingi tano pasipo kutahiniwa na mtu. Kikomo hicho kilivunjwa kila siku na kila mwenye uwezo wa kukivunja, hata mwaka 1930 Bunge, likiona kwamba sheria isiyotiiwa ni aibu kwa mwenye kuitunga, likakiondoa kabisa kwa motokaa za kawaida, ila lilimlazimisha kila mwenye motokaa awe na bima kwa ajili ya atakaowadhuru. Matokeo yake yalihesabika makaburini. Katika mwaka 1934 watu 7,343 waliuawa katika barabara za Uingereza, karibu nusu yao wakiwa waenda kwa miguu, na katika miaka hiyo wapanda baiskeli zaidi ya 1,300 walikufa kila mwaka, wengi wao wakiwa wafanyakazi waliokuwa wakienda au wakirudi viwandani. Nchi ilikuwa na wapanda baiskeli wanaokisiwa kufika milioni 10, na motokaa, pikipiki na malori zipatazo milioni mbili na nusu. Walakini wale milioni 10 walikuwa mafundi na vibarua, ilhali katika Bunge waliokaa vitini walikuwa zaidi wenye motokaa.

Yaliyonenwa mle Bungeni mwaka 1934, ulipojadiliwa mswada wa kurudisha kikomo cha mwendo, yanaonyesha jinsi dhamana ilivyokuwa imekwisha hama. Luteni Kanali Moore-Brabazon, ambaye pia ndiye Mwingereza wa kwanza kupewa leseni ya urubani, alisimama kuupinga mswada. Alisema kwamba watu zaidi ya 6,000 hujiua kwa mikono yao kila mwaka na hakuna apigaye kelele; akawakumbusha wenzake kwamba zamani motokaa zilirudi nyumbani zikiwa zimejaa manyoya ya kuku, na mbwa nao walikuwa wakiuawa, lakini sasa mbwa wamejifunza kukwepa, kwa hiyo mambo yatajinyosha yenyewe. Asiyejua ukatili wa upole wa namna hiyo na ausome mara mbili: mwenye nguvu hakuona tena kwamba ana deni, bali aliona kwamba mnyonge ndiye mwanafunzi mzito wa kuelewa. Bunge, na lisifiwe kwa hilo, lilimshinda. Kikomo cha maili 30 katika sehemu zenye nyumba kilianza kutumika Machi 1935, mtihani wa udereva ukawa lazima Juni mwaka huohuo, na waziri wa usafiri, Leslie Hore-Belisha, akajaza miji nguzo zenye tufe la rangi ya machungwa, kuonyesha pa kuvukia.

Waziri huyohuyo ndiye aliyefungua, tarehe 14 Desemba 1934, njia ya kwanza ya baiskeli nchini humo, kando ya barabara ya Western Avenue magharibi mwa London, urefu wake maili mbili na nusu na upana wake futi nane na nusu kila upande. Mtu angedhani kwamba wapanda baiskeli waliipokea kwa vigelegele. Hawakuipokea hivyo. Viongozi wa vyama vyao waliona kwamba leo wanapewa njia, na kesho watakatazwa barabara. Na hofu hiyo haikuwa ya wendawazimu, kwa kuwa mnamo 1939 kamati ya Baraza la Malodi ilipendekeza kwamba, penye njia nzuri za namna hiyo, kuzitumia kuwe lazima. Walikuwa wakiyalinda mapatano ya zamani, yaani kwamba barabara ni ya watu wote na mwenye kasi ndiye ajizuiaye. Ila katika kuyalinda walikataa kwa mkono mmoja kitu ambacho wajukuu wao wangekuja kukiomba kwa mikono miwili.

Lakini ugomvi uliowaka zaidi ulikuwa juu ya kitu kidogo kuliko kiganja: taa nyekundu ya nyuma. Taa ya mbele haikuwa na mshindani, kwa kuwa humwonyesha mpandaji njia na humwonya aliye mbele yake. Taa ya nyuma ni jambo jingine. Haimwangazii mpandaji kitu, wala yeye haioni, na mwanga wake wote ni kwa faida ya ajaye nyuma. Sheria ya taa ya mwaka 1927, iliyozitaka motokaa ziwe na taa nyuma, ilimruhusu mpanda baiskeli atosheke na kioo chekundu cha kuakisi, kisha mwaka 1934 akaongezewa sharti la kupaka sehemu ya madigadi ya nyuma rangi nyeupe. Wenye motokaa hawakuridhika. Walisema kwamba kioo chenye matope hakiakisi kitu, kwamba dereva aliyetiwa kiwi na taa za gari linalomkabili hawezi kumwona mtu aliyevaa koti jeusi juu ya baiskeli nyeusi, na kwamba taa ya shilingi chache si gharama kubwa kwa ajili ya roho.

Vyama vya baiskeli, na mbele yao G. H. Stancer, aliyekuwa katibu wa Cyclists' Touring Club tangu 1920 hadi 1945, walijibu kwa hoja ambayo hadi leo sijaona iliyoitengua. Walisema kwamba dereva analazimika kwenda kwa mwendo ambao utamwezesha kusimama ndani ya masafa anayoyaona yakiwa wazi. Asiyeona zaidi ya hatua 20 asiende kama aonaye hatua 100. Njiani usiku kuna mtoto, kuna mlevi, kuna ng'ombe, kuna tawi lililoanguka, na hakuna hata kimoja katika hivyo chenye taa nyekundu nyuma. Dereva akizoeshwa kwamba kila kilichopo njiani kitang'aa, ataanza kwenda mbio kwa kutegemea ng'aro hiyo, na kisichong'aa kitakuwa kimepoteza haki ya kuishi. Tena taa za siku hizo, za mafuta au za betri dhaifu, zilizimika kwa mtikisiko wa shimo moja, na mpandaji, aliyezipa kisogo, hakujua. Basi mtu angegongwa akiwa hana hatia, kisha angezikwa na lawama juu yake.

Vita ndivyo vilivyokata shauri. Tarehe 1 Septemba 1939 Uingereza ilizimwa taa kwa kuhofu ndege za adui. Taa za barabarani zikafa, za motokaa zikafunikwa vifuniko vyenye vipenyo vyembamba, na katika mwezi huo mmoja barabara ziliua watu zaidi ya 1,100, karibu maradufu ya Septemba iliyotangulia. Taa ya nyuma ikaamrishwa kwa kila baiskeli, kikomo cha mwendo wa usiku mijini kikashushwa hadi maili 20, ncha za njia zikapakwa chokaa. Na juu ya hayo yote mwaka 1941, ingawa petroli ilikuwa kwa mgawo, waliokufa walifika 9,169, idadi ambayo nchi hiyo haijapata kuifikia tena. Vita vilipokwisha amri haikuondolewa, na sheria ya 1945 ikaifanya taa ya nyuma kuwa ya daima.

Nikitakiwa kuhukumu baina yao, nasema kwamba wapanda baiskeli walikuwa na haki katika asili ya neno na walikosa katika tendo. Haki ni kwamba dereva hana ruhusa ya kulikimbilia giza. Lakini haki hiyo haimfufui aliyekwisha gongwa, na mtu mwenye kuona kwamba mwenzake anavunja sheria hafanyi busara kumngojea gizani ili amthibitishie kosa. Taa ni wajibu mwepesi wa mtu mwepesi, na ilipasa ipokewe kwa sharti moja, kwamba isihesabiwe kuwa imeupunguza kwa chembe moja wajibu mzito wa mtu mzito. Sharti hilo halikuwekwa, na kukosekana kwake ndiko kulikozaa mazoea tunayoyajua wote, ya kwamba mpanda baiskeli akiuawa usiku, swali la kwanza la walio hai huwa ni kama alikuwa na taa.

Mwaka huohuo wa 1945 ilipitishwa sheria nyingine ambayo haikutaja baiskeli wala motokaa, nayo ikabadilisha mambo kuliko ile ya taa. Kwa kaida ya zamani ya mahakama za Kiingereza, aliyedhurika akidhihirika kuwa na sehemu ya kosa, hata sehemu ndogo, aliweza kunyimwa fidia yote. Mwenye baiskeli isiyo na taa aliyevunjwa mguu na lori lililokwenda kasi aliweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Sheria mpya iliwaruhusu mahakimu kuligawa kosa kwa mafungu na kuipunguza fidia kwa kadiri ya fungu la mdai, na kaida hiyo ikaingia baadaye katika sheria za nchi zetu. Hapo ndipo dhana ya dhamana ya pamoja ilipopata umbo la kisheria: si huyu peke yake wala si yule peke yake, bali kila mmoja kwa kiasi chake.

Huku kwetu baiskeli zilitangulia motokaa katika mikono ya watu wengi. Mkulima wa pamba wa Uganda katika miaka ya 1920 aliiweka baiskeli juu kabisa katika orodha ya matumizi ya fedha za mavuno, na karani, mwalimu na mhubiri wa pwani na bara walijulikana kwa Raleigh ya Nottingham kama walivyojulikana kwa kanzu au suruali zao zilizopigwa pasi. Pamoja na chombo zilikuja sheria zake za kengele, breki na taa, zilizotungwa kwa kumfikiria mfanyakazi wa Kiingereza aendaye kiwandani asubuhi na chakula chake ndani ya mkoba. Hazikumfikiria muuza mkaa anayetoka pande za Pugu na Kisarawe kuingia Dar es Salaam, ambaye juu ya karia amefunga magunia yaliyomzidi kimo, yakafunika kioo chekundu, madigadi na taa kwa pamoja, na ambaye hukipanda kilima kwa kuisukuma baiskeli badala ya kuiendesha. Wala hazikufikiri kwamba taa ya dainamo, inayopata nguvu kwa kusuguana na tairi, huzimika palepale baiskeli isimamapo, yaani katika saa ambayo mpandaji ameshuka kupumzika ukingoni mwa lami naye anahitaji kuonekana kuliko saa nyingine yoyote. Mtu wa namna hiyo aliitii sheria kadiri alivyoweza, na kadiri hiyo haikutosha, kwa kuwa barabara zenyewe zilijengwa kwa upana wa malori mawili bila ya kumbakizia yeye hata futi tatu.

Kadhalika ni kwetu ambako baiskeli ilipata kuwa teksi. Katika mpaka wa Busia, tangu miaka ya 1960, vijana waliwapakia wasafiri na mizigo yao nyuma ya baiskeli ili kuwavusha masafa yaliyopo baina ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita "boda! boda!", na kazi hiyo ikaenea hadi Kisumu, Kampala na mbali zaidi. Mwanzoni mwa karne hii wengi wao, au wadogo zao, walihamia kwenye pikipiki. Mabadiliko hayo yana funzo lisilosemwa vya kutosha: kijana aliyekuwa jana mnyonge mbele ya lori amekuwa leo mwenye nguvu mbele ya mama avukaye na ndoo kichwani, na deni lililokuwa likidaiwa na yeye sasa linadaiwa kwake. Dhamana haimshiki mtu kwa jina la kazi yake wala kwa hali aliyozaliwa nayo. Humshika kwa uzito na kasi alivyo navyo saa ile.

Taifa lililoiweka kanuni hiyo katika sheria kwa uwazi zaidi ni Uholanzi, na haikuwa rahisi kwake kama watu wadhanivyo. Chama kikuu cha wenye motokaa cha huko, ANWB, kiliasisiwa mwaka 1883 kikiwa chama cha wapanda baiskeli, kikaanza kusimika vibao vya njia mwaka 1894, kisha kikamezwa na motokaa pamoja na nchi yenyewe. Kodi ya baiskeli iliyotozwa tangu 1924 ilikuja kusaidia kujenga barabara ambazo motokaa zilizitawala. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu wapatao 3,300, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Mwandishi Vic Langenhoff, aliyefiwa na bintiye katika ajali, aliandika mwaka 1972 katika gazeti la De Tijd akiwaita wazazi wasimame, na jumuiya iliyotokana na mwito huo ikajiita kwa jina la kutisha, Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Wazazi na watoto walikalia barabara, wakazifunga kwa meza na michezo. Na mafuta yalipopanda bei na kuadimika mwaka 1973, serikali ikazizuia motokaa siku za Jumapili kwa muda wa majuma kadhaa, watu wakaona kwa macho yao jinsi miji inavyokuwa bila ya kelele hizo. Kati ya 1975 na 1977 Tilburg na The Hague zilijengewa njia za baiskeli za majaribio, mwaka 1976 mitaa ya makazi ambamo gari ni mgeni ikatambuliwa na sheria, na kazi ikaendelea mtaa kwa mtaa.

Mawe na lami ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni hukumu. Sheria ya barabara ya Uholanzi ya 1935 ilikuwa na kifungu, kilichohamishiwa baadaye katika sheria ya 1994, kinachosema kwamba mwenye motokaa aliyemdhuru mtu asiyekuwa na motokaa hulipa, isipokuwa athibitishe kwamba lililotokea lilikuwa nje ya uwezo wake. Kati ya 1990 na 1992 Mahakama ya Juu ya huko ilikitia kifungu hicho meno: aliyedhuriwa akiwa na umri chini ya miaka 14 hulipwa yote, hata kama alikosea, aliyezidi umri huo hulipwa angalau nusu, na nusu iliyobaki hupimwa kwa kosa lake. Anayejitupa mbele ya gari kwa makusudi, au kwa upuuzi unaokaribiana na makusudi, hana haki hiyo. Hapa mpanda baiskeli hakuondolewa dhamana, maana taa anatakiwa awe nayo na faini hutozwa asipokuwa nayo. Lakini kosa lake dogo halitumiki kufuta deni kubwa la mwenzake. Nchi hiyo, iliyopoteza 3,300 mwaka 1971, ilipoteza takriban 640 mwaka 2010, ilhali magari yake yalikuwa yameongezeka zaidi ya maradufu.

Kuna wanaosema kwamba kugawana dhamana ni kuigawa sawasawa, na neno hilo lina sura ya uadilifu. Lakini baiskeli na mpandaji wake aghalabu hawafiki kilo 100, nayo motokaa ndogo hukaribia kilo 1,000 au huzidi. Akikosea mpandaji, aghalabu hulipa kwa mwili wake mwenyewe, na akikosea dereva, hulipa mpandaji vilevile. Watu wawili ambao makosa yao yote hulipwa na mmoja wao hawawezi kuambiwa kuwa wako sawa. Basi mpanda baiskeli na atengeneze breki zake, awashe taa zake mbili, ashike upande wake, asivuke penye taa nyekundu wala asimtishe mwenda kwa miguu, ambaye kwake yeye ni jabari; wajibu huo ni wake na hakuna wa kumbebea. Lakini sheria zetu, na mahakama zetu, na sisi wenyewe tukusanyikao penye ajali, tubadilishe mpango wa maswali. Lile la taa liulizwe, ila liulizwe la pili. La kwanza aulizwe aliyeleta uzito njiani: alikuwa akienda mwendo gani, na alikuwa akiona hadi wapi.